Alikoingia Malale

...na maji tubebe madumu mawili, anasema Denis, maana kule ndani hakuna duka wala genge, ukisahau umesahau, na Nyanzala anaitikia ee bila kuinua kichwa, vidole vyake vimo kwenye nywele za Lucia, anamsuka mistari kwa kuwa shule zimefungwa na mtoto amelia wiki nzima anataka kusukwa kama wenzake, tulia basi, anamwambia, usichezeshe shingo, na mumewe kakaa pale kibarazani kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, anang'aa kama mtu aliyefaulu mtihani, Jumamosi wanaingia mbugani, familia nzima, mara ya kwanza, Noah ya rafiki yake imepatikana, paa halifunguki lakini vioo vyote vinashuka, "Wazungu wanapanda ndege kuja kuona hapa, mama Lucia," anasema, "sisi tuko Mpanda, Sitalike hii hapa pua na mdomo, halafu viboko tunawaangalia kwenye televisheni, si aibu hiyo?" ni aibu, anajibu Nyanzala, kweli ni aibu, na macho yake yameshaanza kuitafuta khanga vilevile anavyoitafuta kwenye basi kila wanapokwenda ukweni Majimoto, kwa sababu barabara ya kwenda kwa kina Denis inakatiza katikati ya hifadhi na hakuna nyingine, basi likishapita Sitalike tu yeye hujifunika khanga kichwani na kujifanya kalala, mbung'o waingie, watu wapige kelele tembo, tembo, twiga yule, yeye kimya ndani ya khanga mpaka asikie watu wanashuka Kibaoni, na Denis, maskini, miaka yote anaamini mke wake anachafukwa na gari, humnunulia ndimu stendi anuse, naye huipokea ndimu, huinusa, husema asante baba Lucia, sasa nipo vizuri... utamwambiaje mtu mwema kiasi hicho kwamba si gari, ni miti, ni ile miti inayopita dirishani mmoja mmoja na nyuma ya kila mmoja pana nafasi ya mtu kusimama.

Denis anajua mkwewe hayupo. Siku ya posa waliambiwa hivyo, baba wa binti hayupo, na watu wa kwao ni wastaarabu, Wakatoliki wa zamani, hawakuuliza hayupo kivipi, basi likaisha hapo, kila mtu akabeba maana yake akaenda nayo nyumbani. "Halafu nguo," anasema Denis, "nyie sikilizeni, hakuna kuvaa nyeusi wala bluu, mbung'o wanapenda sana hizo rangi, watawamaliza," na vidole vya Nyanzala vinakaza vyenyewe, "Mama unaniumiza!" pole, pole mwanangu, bluu, koti la bluu, lilikuwa la bluu iliyopauka mabegani, kifungo kimoja kimeshonewa uzi mwekundu, baba amesimama nje ya zizi anakunywa uji kwa kusimama, kiangazi, nyasi zimekwisha, maksai watatu wamekata kamba usiku wakaingia hifadhini, na yeye Nyanzala kashika ndama, alikuwa mdogo, kama Lucia huyu, baba akamrudishia kibuyu akasema angalia ndama wasinyonye, nawafuata wale, jioni nipo, akachukua fimbo akaenda kuelekea kwenye miti, hakugeuka, ndilo jambo alilolifikiria zaidi ya yote maishani mwake, kwamba hakugeuka... na maksai walirudi, hilo nalo, walirudi wenyewe siku chache baadaye wote watatu, wamenona, wakasimama zizini kama wanaodai chumvi, na mama yake akawatazama mmoja mmoja usoni kana kwamba wangesema. Walimtafuta. Wanaume wa kijiji na askari wa hifadhi, filimbi, moto, majina yakiitwa, Malale, Malale weee, hawakupata hata kiatu, na bila mwili hakuna kilio, wazee walisema, utamlilia nani, labda atarudi, subirini.

"Baba, simba anakula mtu?" anauliza Lucia, na kichwa kinazunguka, Nyanzala anakirudisha mbele. "Hatushuki kwenye gari, binti yangu." "Na ukishuka?" Denis anacheka, "Ukishuka umejipeleka mwenyewe jikoni," na Lucia anacheka, na mdogo wake Heri anacheka kwa sababu dada kacheka, na huko pembeni kwenye mkeka mama yake Nyanzala, bibi Kija, anaendelea kubangua karanga, tap, tap, hacheki wala hakasiriki, ni karanga tu.

Kisha alikuja yule mfanyabiashara wa maharage. Alitoka Mishamo, akala kwao, akasema nimemwona Malale sokoni, yuko na mwanamke, kanisalimia kabisa, sasa mtu kama yule alisema kweli au alikuwa analipia ugali kwa habari, hakuna aliyejua, lakini tangu siku ile Nyanzala alikuwa na baba wawili, mmoja yuko kwenye miti ya hifadhi na mwingine yuko Mishamo anapalilia maharage ya mwanamke mwingine, na mtoto hawezi kulala na baba aliye mitini, usiku fisi wakilia utafanyaje, basi akamchagua wa Mishamo, akamchukia, ah, alimchukia vizuri, alimchukia akienda shule bila viatu, alimchukia wajomba walipogawana ng'ombe, siku ya harusi yake alipokosa mkono wa kuushika alimchukia mpaka machozi yakakauka kabla hayajatoka, na alipokuwa mtu mzima alikwenda Mishamo, alisema anakwenda kumsalimia rafiki, akazunguka soko zima akitazama migongo ya wanaume wa umri ule, mmoja aliinama kufunga gunia na shingo ilikuwa ileile, akamsogelea, mzee akageuka, akamsalimia kwa Kirundi, amahoro mwanangu, unatafuta nini, hakuwa yeye, akanunua maharage asiyoyahitaji akarudi... na hata hivyo akaona ni heri, kutokumpata maana yake kahama tena, mtu anayehama ni mtu aliye hai.

Na mama yake naye alingoja, ndivyo alivyojua Nyanzala siku zote, alikataa kunyolewa, alikataa kurithiwa na shemeji, na yule binti wa sensa alipokuja hapahapa kibarazani akauliza bibi ni mjane, alijibu nina mume, yuko wapi, katoka, na binti akaandika, Nyanzala akiwa mlangoni akasikia fahari na kichefuchefu kwa pamoja, kumbe tuko wawili, alijiambia, tunamngoja mtu mmoja, yeye kwa upendo mimi kwa ngumi. Sasa Jumamosi. Sasa Noah yenye vioo vinavyoshuka vyote, na hapo hakuna khanga, watoto watasema mama tazama, na atatazama, ataona jinsi kulivyo kukubwa, jinsi mto ulivyojaa viboko hata maji hayaonekani, ataona kwamba mtu mwenye fimbo anaweza kuingia pale asubuhi na ikawa basi, hakuna Mishamo, hakuna mwanamke, hakuna maharage, na yeye itakuwa amemchukia maiti maisha yake yote, hapana, atasema anaumwa, atasema kuna kazi kanisani, atasema...

"Baba Lucia," anasema bibi Kija, "hilo gari lina nafasi ya mtu mmoja?"

Karanga zimenyamaza. Denis anafurahi, "Mama! Nafasi ipo, hata mbele nitakupa, kumbe na wewe unataka kuona tembo!" "Tembo nimewaona sana, walikuwa wanakula mahindi yetu," anasema Kija, polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani yake, "nataka kuona alikofia mume wangu." Alikofia. Kalisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Denis anaishusha simu mapajani, anamtazama mke wake, anamtazama mkwewe, "Mama... alifia huko?" "Alifia huko. Wewe ulidhani wapi?"

"Mayu," Nyanzala anamwita mama yake, na sauti si yake, ni ya mtoto aliyeshika ndama, "ulisema katoka." "Si katoka? Bila kaburi la kumwonyesha mtu, ningesema nini?" Anafuta mikono kwenye kitenge. "Mtu anayewaacha watoto wake anabeba hata blanketi, Nyanzala. Malale alikwenda na fimbo, na uji hakuumaliza. Nilijua siku ng'ombe waliporudi." "Na yule wa Mishamo? Kwa nini hukuniambia?" na mama yake anamtazama, macho makavu, "Ulikuwa umemkasirikia. Nikaona hasira inakuamsha asubuhi, inakupeleka shule, inakurudisha. Mimi sikuwa na kitu kingine cha kukupa."

Lucia anauliza mama mbona umeacha kusuka, na Nyanzala hajui kwamba kaacha, mikono iko pale kwenye nywele imekaa tu, na yule baba wa Mishamo aliyemlisha hasira miaka yote anafunga gunia lake, hana pa kwenda, hakuwahi kuwa na pa kwenda, anakuwa mwembamba, anakuwa shamba la maharage bila mtu, na anabaki huyu mwingine, wa koti la bluu, ambaye hakugeuka kwa sababu alikuwa anarudi jioni, nani hugeuka anapokwenda mahali atakaporudi jioni, mama wee, alikuwa anarudi, na hakuna hata mtu mmoja aliyemlilia, wala mwanawe, na neno linamjia mdomoni ambalo hajawahi kuliweka mbele ya jina lile, marehemu, analijaribu ndani kwa ndani, marehemu baba, linakaa, haliunguzi, marehemu baba yangu Malale... "Basi mama Lucia," anasema Denis kwa sauti ya chini, "Jumamosi twende, au tuache?" na wote wanamtazama, na yeye anasema ngoja, baba Lucia, ngoja kidogo, tutakwenda, lakini kwanza niache nilie, nina msiba.