Sista Malama Yuko Zamu

Tik, tik, tik, ndani ya sahani ya bati. Ni saa yangu ya kazini, ile ya kubandika kifuani. Huilaza kifudifudi kwenye sahani kabla sijazima taa, maana bati huikuza sauti, na mimi nikishalala ni gogo. Alfajiri ile sikuhitaji kuamshwa. Nilikuwa macho gizani, binti yangu Luse kanibana mgongoni, nikijisomea kimoyomoyo hotuba ya kurasa nne.

Moja ingetosha. Lakini mtu aliyemaliza sekondari kwa masomo ya jioni, akisinzia juu ya daftari na mtoto mgongoni, ukimpa kalamu hataki kuirudisha. Ndiyo maana wauguzi wenzangu walinichagua kuwa katibu wa tawi la chama chetu. Hawakusema nina busara. Walisema nina mwandiko.

Kilichokuwa kinatupeleka kwa wakubwa ni mkono wa Sista Kasonde. Wiki mbili nyuma alikuwa peke yake wodi ya wanaume, zamu ya usiku, wagonjwa arobaini na mmoja, mlango hauna komeo, mlinzi hakuna. Akaingia jamaa mmoja, kalewa, anamtaka kaka yake. Alipoambiwa saa za kutazama wagonjwa zimepita, alinyakua chuma cha kutundikia dripu akampiga nacho. Mkono ukavunjika. Na huo ndio mkono uliokuwa ukimsuka Luse wangu kila Jumamosi. Tangu hapo namsuka mwenyewe, na mtoto anakwenda shule kama kuku aliyenyeshewa.

Saa nne asubuhi tukaingia ofisini watu watatu: mimi, Kasonde na plasta yake, na Ba Ng'andu, mwenyekiti wetu, muuguzi wa chumba cha upasuaji mwenye sauti ya kuamsha watu waliopigwa nusukaputi. Ng'ambo ya meza alikaa Bwana Simfukwe, afisa utawala, aliyehamishiwa kwetu miezi mitatu tu iliyopita. Pembeni yake alikuwa Mama Chishala, matroni, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi tangu siku ya kwanza.

"Mama Luse, soma," Ba Ng'andu alininong'oneza, na nadhani hata wazazi wa wodi ya pili walisikia.

Nikasoma. Nilisoma vizuri, niseme ukweli. Nilipofika penye "usalama wa muuguzi ndio usalama wa mgonjwa" nilinyamaza kidogo, ili watu wapate nafasi ya kuguswa. Bwana Simfukwe alikuwa anatafuta miwani yake.

"Nimewasikia," alisema nilipomaliza. "Mlinzi, komeo, wauguzi wawili kila usiku. Sawa. Lakini mnanichanganya. Sista Kasonde, unasema ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu, Bwana. Mimi na mbu."

Akavuta faili, akafungua, akageuza karatasi ili tuione. Ilikuwa ratiba ya zamu ya wodi ya wanaume. Mistari imenyooka, vichwa vya safu vimepigiwa rula kwa kalamu nyekundu, hakuna kisanduku hata kimoja kilicho wazi.

"Usiku huo mlikuwa Sista Kasonde na Sista Malama. Wawili. Usiku wa kabla yake, wawili. Ni ratiba safi kuliko zote hapa, hata nilikuwa nataka kumpongeza aliyeiandika."

Aliyeiandika alikuwa anatafuta pa kujificha chini ya meza.

Sista Malama alikwishahamia Uingereza. Mwaka wa pili huo. Lakini kwetu kisanduku hakiachwi wazi. Wakaguzi wa mkoa wakikiona wanamgombeza msimamizi wa wodi, yaani mimi, kwamba hajui kupanga watu, basi tangu zamani nafasi inazibwa kwa jina la mtu yeyote aliyewahi kuvaa sare yetu. Mshahara wake hakuna aliyeugusa, ni jina tu. Kila mwezi nilikaa mezani kwangu nikamgawia Malama zamu kwa haki kabisa, nikaona nimefanya kazi ya maana.

"Kwa hiyo Sista Malama alitoroka zamu," Bwana Simfukwe aliendelea, "na wewe, Sista Kasonde, hukuripoti. Hilo ni kosa. Fomu yako ya fidia ya kuumia kazini siwezi kuisaini. Badala yake utajieleza kwa maandishi."

Kasonde alijua mwandiko ule ni wa nani. Angesema jina langu tu, angeokoka. Aliutazama tu mkono wake wenye plasta. Ba Ng'andu naye, na sauti yake yote, alikuwa anaikagua dari.

Niliwaza kazi yangu. Niliwaza Luse, na baba yake aliye migodini Solwezi, anayekuja mwisho wa mwezi tu. Kudanganya kwenye karatasi ya serikali watu hufukuzwa. Kisha nikauona ule mkono ukichana nywele za mwanangu, taratibu, bila kumliza.

Nikanyoosha kidole, kama niko darasani.

"Bwana, Sista Malama yuko Uingereza."

"Kwa likizo?"

"Amehamia. Mwaka wa pili sasa."

Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Na zamu hii aliingiaje?"

"Nilimwingiza mimi."

"Kwa nini?"

Kurasa nne zote zilikuwa mkononi na hazikuwa na msaada wowote. "Kisanduku kilikuwa wazi," nikasema.

Alianza kupekua nyuma, mwezi kwa mwezi. "Mwezi wa tatu ana zamu za usiku kumi na moja!"

"Niliona nimemwonea, Bwana. Mwezi wa nne nikampunguzia."

Kasonde alitoa sauti puani. Nikadhani analia. "Ukampa na mapumziko ya Pasaka!" alisema. "Mimi niliomba Pasaka ile ukaninyima, Mama Luse! Ukampa mtu anayekula keki zake London!"

Ilikuwa kweli.

"Msimlaumu peke yake," Mama Chishala akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nami nilifundishwa. Wakaguzi wakiona nafasi hawatuulizi watu wako wapi, wanatuuliza kwa nini hatujapanga. Tukachoka kugombezwa, tukajaza."

"Wako wangapi wa aina hii?"

Tukawahesabu. Wodi ya wanaume pekee, watatu: Malama, na mmoja wa likizo ya uzazi ambaye mtoto wake sasa anacheza mpira, na mzee mmoja aliyestaafu zamani, anauza kinywaji cha munkoyo sokoni, na usiku wa jana, kwenye karatasi, alikuwa zamu.

Bwana Simfukwe alivua miwani, akaiweka juu ya faili. "Mwezi uliopita niliomba wauguzi wapya makao makuu," alisema polepole. "Wakanijibu, wodi zako zimejaa wauguzi. Wakaniambatanishia hii."

Akagonga karatasi yangu kwa kidole.

Miezi kumi nilikuwa naandika barua za chama nikilalamika hatuna watu, kwa kalamu ya bluu, kisha nageuka upande wa pili wa meza naandika kwamba tupo wote, kwa kalamu nyekundu. Nikishindana na nafsi yangu, na nafsi yangu ikishinda kwa sababu mistari yake imenyooka zaidi.

Basi alisaini fomu ya Kasonde palepale. Komeo leo, alisema, na mlinzi Jumatatu. Wauguzi wapya hakuahidi. Ataandika tena, lakini apelekewe ratiba ya kweli, kesho saa mbili asubuhi. Mimi nikapewa barua ya onyo. Nilitia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Nje kwenye kibaraza Kasonde alinigonga bega na plasta yake, na plasta ni nzito. "Ukinipanga tena na mzimu, mwenzangu, nitakuvunja wewe."

"Nisamehe, dada."

"Nimeshakusamehe. Lakini Pasaka ijayo ni yangu. Na Jumamosi mlete mtoto, nitamsuka kwa mkono mmoja. Msuko wangu hauwezi kuzidi wako kwa ubaya."

Jioni, baada ya ugali wa nshima na dagaa wa kapenta, nilifuta meza, nikatandaza karatasi mpya. Nikapiga mistari. Luse alipanda kiti cha pili, kidevu juu ya meza. Siku hizi amejifunza herufi na anasoma chochote kinachopita mbele yake, hata pakiti ya chumvi.

Niliandika Kasonde, nikakumbuka, nikamfuta mpaka mkono upone. Nikaandika waliopo. Tulikuwa wachache kuliko nilivyowahi kutuandika. Visanduku vikabaki vyeupe, kimoja, viwili, safu nzima, na kalamu ikawa inaniwasha vidoleni kama upele. Nikaiweka chini. Nikaikalia.

Luse alifuata majina kwa kidole chake chenye mafuta ya kapenta, akiyatamka moja moja, mpaka alipofika usiku wa Jumanne. Kidole kikasimama. Akainua macho.

"Mama, hapa hamna mtu."