Kiberiti wa Pili

Kule chuo cha ufukweni hakuna aliyemjua kwa jina lililo kwenye vyeti. Alikuwa Kiberiti, kwa sababu akianza kucheka, bweni zima linashika moto. Kipindi cha mwisho kikiisha saa kumi, hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Vitabu vilitupwa kitandani, viatu vikaachwa mlangoni, na miguu yenyewe ilijua njia ya mchangani. Mwenye mkate alimega, asiye nao alikula bila kusimangwa. Hata mhadhiri wa kemia alipita na kaptura yake, nao wakamchokoza atoboe siri ya mtihani.

Mwaka wa tatu, idara ya famasia ikahamishiwa chuo cha mjini. Wenzake wa chumbani walisomea ualimu, wakabaki. Yeye akafunga sanduku.

Mjini alikaa kwa mama yake mdogo, fundi cherehani, ghorofa ya nne. Chuo kilikuwa na lifti, milango ya vioo na maabara ambayo kule walikuwa wakiiona kwenye picha tu. Lakini kipindi kikiisha, watu walitawanyika kama njiwa waliotupiwa jiwe: huyu anawahi zamu dukani, yule anamfuata mwanawe shuleni. Saa kumi yeye alikaa kwenye ngazi za maktaba, akisubiri asijue nani.

"Kijana, umepotelewa na kitu?" mlinzi alimuuliza siku ya nne.

"Hapana, mzee. Napumzika tu."

"Basi pumzika pembeni, watu wapite."

Nyumbani mama mdogo alimtazama akichezea chakula. "Wewe mwili umeuleta," alisema, "roho umeisahau kule. Nenda kaichukue, mwanangu, usije ukanikondea hapa dada yangu akanilaumu mimi."

Ijumaa moja akatega vipindi, akapanda basi la alfajiri. Alifika jioni, akaenda moja kwa moja ufukweni. Aliwakuta wamekaa duara palepale. Walimrukia, wakamkumbatia, wakammwagia maswali. Kisha mmoja akageuka, akaita, "Kiberiti, sogea, mpishe mgeni!"

Yeye, akidhani ameitwa yeye, akaanza kusogea. Lakini aliyeitika alikuwa kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza, aliyepewa kile kitanda chake cha dirishani. Duara zima likaangua kicheko.

"Usikasirike, ndugu yetu," rafiki yake wa zamani alimwambia, mkono begani. "Na huyu naye akicheka hazimiki. Sasa tungemwitaje?"

"Mwiteni hivyohivyo," alisema, akacheka pamoja nao. Walitaniana mambo ya muhula ambao yeye hakuwapo, na kila mara mtu alilazimika kumfafanulia. Mzaha ukifafanuliwa hupoa. Alilala juu ya godoro la kuazima, akausikiliza mvumo wa mawimbi, akajua kwamba alichokitamani hakikuwa tena mahali pa kufikiwa kwa basi.

Jumatatu, maabarani, msichana wa meza ya pili alimkabili, mikono kiunoni. Kwa wiki sita walikuwa wamesemezana mambo ya vipimo tu.

"Ijumaa ulikuwa wapi? Tumekutafuta mpaka kwa mlinzi. Kundi letu bila wewe hesabu za dozi zimetushinda."

"Nilisafiri. Sikujua kama kuna mtu angeuliza."

"Ungetuambia, bwana! Huku watu hawakuoni ukikaa kimya. Huku unasema."

Wakapanga kukutana saa kumi na moja, wamalize saa kumi na mbili kamili. Saa kumi na mbili kamili kila mtu akafunga begi. Yeye akabaki amekaa, kwa mazoea ya kule, ambako hakuna aliyewahi kuondoka kwa kutazama saa.

"Basi langu limeshaniacha," msichana alisema, akiketi tena. "La pili linakuja baada ya nusu saa. Hebu nisimulie, huko mlikuwa mnafanya nini jioni?"

Akaanza kumweleza. Alianza na mkate uliomegwa mchangani, akaendelea mpaka kwa mhadhiri wa kemia na kaptura yake.