Mkwe Mwenye Heshima Zake

Siku ile mjinga alikuwa Dalmas Wakhungu, na hakuna haja ya kupiga kura, maana amekiri mwenyewe. Ila tumtendee haki: hakuwa mjinga wa hivi hivi. Alikuwa mjinga aliyesoma, mwenye intaneti ya kasi.

Mama mkwe wake, Mama Naliaka, alikuwa ameletwa Kitengela kutoka Bungoma baada ya kumzika mumewe, eti aje apumzike. Dalmas alimpokea kwa adabu zote za Kibukusu. Hakumpa mkono. Hakumtazama usoni. Mama akichungulia sebuleni, Dalmas alikazia macho kompyuta yake kama mtu anayesoma hukumu ya kifo chake. Na kwa kuwa mama mkwe wa kale hali chakula mkwewe akiwa chini ya paa hilo hilo, kila mtu alijua mama atajipangia muda wake.

Ila mila hiyo iliwekwa na watu wenye maboma mapana. Haikuwekewa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, ambayo ili ufike jikoni lazima upite sebuleni. Wala wazee wale hawakuwahi kusikia mkwe anayefanyia kazi nyumbani, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi anatazama mpira pale pale.

Kufikia mwezi wa tatu wa mapumziko hayo, mama alikuwa amenyamaza. Mwanamke aliyejua majina ya kuku wa jirani aliambiwa ng'ombe wake amezaa pacha, akasema, "Sawa." Akaacha kuimba. Akaacha kufunga kilemba. Akawa anakaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha strungi, chai isiyo na maziwa, na kipande cha mkate alivyoachiwa na binti yake alfajiri, akiusugua mguu mmoja kwa mwingine.

Dalmas hakulilalia jambo hilo. Alisoma makala sita kwenye simu, akatangaza kwamba ni huzuni ya wazee. Akamnunulia mama televisheni. Mama hakuiwasha. Akamnunulia Zaburi ya maandishi makubwa. Mama aliiwekea kikombe juu.

"Labda hali vizuri," alisema mkewe, Florence, aliyetoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku umeingia.

"Mama Naliaka? Si hotipoti unaikuta tupu kila jioni?"

Ni kweli. Florence aliacha chakula cha mchana jikoni, akirudi anakuta hotipoti imekwanguliwa. Akimpelekea mama cha usiku chumbani, mama anasema ametosheka, mtu mzima hali mara mbili. Basi, mama anakula. Hesabu imekubali.

Dalmas akaamua waende Kajiado, kwa mchungaji mmoja anayesifika kwa kukemea roho ya huzuni. Walifika hadi langoni. Mama aliposhuka garini magoti yalimwisha, akaketi mavumbini bila hata kushtuka, kama mtu aliyefika nyumbani. Florence hakungoja maombi. "Kliniki," akasema, kwa sauti ambayo Dalmas huisikia mara moja kwa mwaka.

Muuguzi aliitwa Namunyak. "Takwenya, Koko," alimwamkia mama kwa Kimaasai, kama anayemwamkia nyanya yake, akamshika mikono yote miwili. Dalmas alisimama mlangoni, uso ameuelekeza ukutani, kwa heshima.

"Huyo bwana amefanya nini?" muuguzi akauliza.

"Ni mkwe," Florence akajibu.

"Ah! Hata kwetu iko."

Akamtazama mama ulimi. Ulikuwa mwekundu, laini kama uliolambwa. Akauliza juu ya ganzi miguuni. Damu ikapimwa, wakangoja, majibu yakaja: damu iko chini, na vitamini B12 imeisha karibu yote, ile ya nyama na maini na mayai na maziwa, ambayo wazee wengi huwa na akiba yake ndogo tangu mwanzo. Kisha akauliza polepole, "Koko, kuna asubuhi unaona ni heri usingeamka?"

Dalmas akahesabu nyufa za ukuta.

"Karibu kila asubuhi," mama akasema.

Florence alianza kulia. Muuguzi akamwachia alie, akageukia mlangoni. "Huzuni iko, na njaa ya damu iko. Moja inasukuma nyingine. Tutamchoma sindano, na atakuwa akiongea na mwenzangu hapa kila wiki. Lakini niambieni, Koko hula nini?"

"Ninamwachia hotipoti mchana," Florence akasema. "Huisha."

"Koko, unaimaliza?"

"Hotipoti gani?" mama akauliza.

Sasa ukuta ukawa haumsaidii tena Dalmas. "Mimi nilifikiri ni mabaki," alisema, akiiambia rangi ya ukuta. "Nilidhani mama alishapakua chake mapema. Nikawa naimaliza isiharibike."

"Miezi mitatu?" Florence akauliza.

"Isiharibike," Dalmas akarudia, sauti imepungua.

Muuguzi alitikisa kichwa. "Hata kwetu mwanaume hali mbele ya mama wa bibi yake. Lakini yeye ndiye hutoka, anaenda na ng'ombe zake. Wewe ulitaka Koko aende wapi? Namanga?"

Huko nje, karibu na gari, Dalmas alipata tena ulimi wake, bahati mbaya. Florence alikuwa ameamua: kuanzia Jumatatu mume atafute pa kufanyia kazi, na saa saba mchana asionekane karibu na nyumba.

"Kwa hivyo sasa mimi ndiye mbaya?" Dalmas akasema. "Mwambie mama mimi sikumkosea. Wengine wanatukana wakwe zao. Mimi nimewahi hata kumwangalia? Nilikuwa nainua sauti? Mwambie ni heshima. Mtu hawezi kulaumiwa kwa heshima!"

Mama Naliaka alikuwa kiti cha nyuma, pamba ya sindano bado mkononi. Kwa miezi mitatu hakuwa amemwambia mkwewe neno moja ana kwa ana. Akateremsha kioo.

"Ni kweli, baba, uliniheshimu. Hata maiti huheshimiwa hivyo hivyo: hakuna anayeitazama, hakuna anayeiinulia sauti, halafu watu wanaenda kula chakula chake."