Unga Juu ya Kioo

"Mama Nyanjige, tangu lini watu wakatambika kwenye kioo?"

Monika, jirani yangu, aliniuliza hivyo juu ya ua wa minyaa, sauti ameishusha kama anaulizia maiti. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Jogoo wake alikuwa bado anasafisha koo. Nilishika tochi. Mbele yangu kioo cha dirisha kimeegemezwa kwenye matofali, maji yanakishukia membamba kama ngozi ya ndani ya yai, na binti yangu kapiga magoti, anayanyunyizia unga mweupe wa mtama.

Nilikaza tochi. Mkono ukitikisika, picha za kamera yake zinaharibika.

Kwetu huku Bariadi, anayemwaga unga na maji alfajiri, uso kaelekeza mashariki, anaongea na wafu wake. Hata mtoto mdogo anajua. Mume wangu Bundala alipofariki, ndugu zake walinitaka nifanye hivyo hivyo. Nikakataa. Waliswaga ng'ombe wakaondoka nao, nami nikabaki na Nyanjige mgongoni na rozari mkononi. Kwa sababu ya kukataa kule, jumuiya yetu ya kanisani ilinichagua kuwa mwenyekiti wake. Sasa mwenyekiti huyo huyo anaonekana alfajiri anamulikia unga!

Nyanjige alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, chuoni Dar. Alikuwa anapima kasi ya maji membamba, yale yanayoteleza juu ya kitu.

"Maji ya mtoni unatia kipimo," aliniambia. "Haya, mayu, mama yangu, ukitia hata sindano yanaizunguka. Unabaki unapima usumbufu wako mwenyewe."

Kwa hiyo unatia punje laini zisafiri na maji, unazimulika, unazipiga picha mfululizo, kisha unatazama kila punje imefika wapi. Unga maalumu wa chuoni ulikuwa umekwisha, tukatumia wa mtama. Alfajiri hakuna upepo, na giza linaifanya punje ing'ae. Asingemaliza kupima likizo ile, wenzake wangehitimu wakamwacha.

Mimi ni wa darasa la saba, nikaelewa kwa njia yangu. Kundi la ng'ombe likiwa mbali mbugani huoni miguu. Unachagua mmoja mweupe, unamfuata kwa macho, na mwendo wake unakwambia mwendo wa kundi. Nilipomweleza alicheka. "Ndiyo hivyo hivyo. Ila mimi nawafuata wote kwa pamoja."

Leo Nyanjige ni mhandisi, anapima mafuta, maji na hewa vinavyosukumana ndani ya bomba moja. Kioo kile sijakirudisha dirishani. Mgeni akiuliza kwa nini dirisha langu limezibwa na ubao, namkalisha chini, namsimulia.

Lakini wakati ule maneno yalienea. Nilipokwenda kwa Monika kuomba unga, alisimama mlangoni kauziba.

"Unga ninao, mayu. Lakini wangu haulishi mizimu ya Bundala."

Jioni akaja Kasmiri, katekista wetu. Hakukaa.

"Mama, mwambie mtoto aache kwanza, watu wapoe. La sivyo Jumapili nitaweka mwingine kwenye kiti chako. Na habari ya komunyo, hiyo ataamua padre."

Kiti ningekiacha. Lakini komunyo! Komunyo ndiyo iliyonishika mkono miaka yote ya ujane. Nikamtazama Nyanjige anakausha kioo kwa kanga yangu, taratibu, kama anampangusa mtoto mchanga uso.

"Mwalimu," nikamwambia Kasmiri, "njoo alfajiri. Njoo na aliyekuambia."

Wakaja, yeye na Monika. Nyanjige akawapigia goti, akawaamkia. "Mwangaluka." Hakubishana nao. Akafungulia maji, akanyunyiza unga uliobaki bakulini. Nikamulika kwa ubavu, rozari nimeizungushia kifundo cha mkono. Kisha akawaonyesha picha kwenye kompyuta yake, polepole.

Punje zilishuka kama nyota zilizoamua kutembea. Za pembeni zilijikokota. Za katikati zilikimbia. Povu la hewa likaingia kati, punje zikaligawanyikia, zikakutana tena mbele yake.

"Chagua moja, mwalimu."

Kasmiri akagusa. Nyanjige akabonyeza, namba ikatokea. "Hiyo ndiyo kasi yake."

"Rudisha." Akarudisha. "Hebu tena." Kisha Kasmiri akanigeukia. "Na hapa halitajwi jina lolote?"

"Linatajwa," nikasema. "La Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mimi siwashi tochi bila ishara ya msalaba."

Kicheko kikamponyoka. "Basi Jumapili usichelewe kwenye kiti chako."

Nilishukuru, lakini macho yangu hayakuwa kwake. Yalikuwa kwenye mgongo wa mwanangu, ulioinamia maji kama wengine wanavyoinamia altare.

Nyanjige akalipindua bakuli. Tupu.

"Mayu, imebaki picha moja tu, ile yenye mapovu mengi. Na upepo huo unakuja."

Kweli, minyaa ilikuwa imeanza kunong'ona. Kasmiri akatazama chini. Mimi nikazima tochi.

Monika alikuwa bado kaiinamia kompyuta, kidole chake kinafuata punje moja, mpaka ikatoka kwenye picha. Akajinyoosha, akalichukua bakuli mkononi mwa Nyanjige, akalipuliza vumbi. Kisha akatoka, akapenya minyaa kuelekea jikoni kwake.