Mlango wa Shemeji

Kuna watu hawawezi kuona kitu kibovu wakalala usingizi. Fundi Saa alikuwa mmoja wao. Nyumbani kwake bomba halikuvuja, bawaba hazikulia, na ukimtembelea umevaa saa inayochelewa atakuomba uivue kabla hujapewa chai. Mkewe alizoea kusema ameolewa na bisibisi. Kwa hiyo watu hawakushangaa sana alipokwenda kununua gari bovu kuliko yote mtaani, muda mfupi baada ya kumzika kaka yake.

Gari lenyewe lilikuwa la huyo kaka. Lilikuwa moja ya yale magari ya njia mbaya, la bati nene, lililoinuka juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na jina lake lilikuwa Ajuza. Kaka mtu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alilinunua ujanani, akalipandisha mahali ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili, na miaka ya mwisho likasimama uani chini ya turubai, kutu inalila taratibu, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Kila ndugu hao wawili walipokutana, kaka alisema, "Mdogo wangu, tumfufue Ajuza." Na Fundi Saa akajibu, "Tutamfufua tu, kaka. Tupate nafasi." Basi nafasi haikupatikana, kikapatikana kifo. Ndiyo dunia hiyo, usiniulize mimi.

Siku ya mazishi Fundi Saa hakulia. Alibeba viti, alipokea wageni, aliwaelekeza watu pa kukaa, uso mkavu. Wenye midomo wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Uongo mtupu. Chozi lilikataa kutoka, likamkaa kifuani kama tonge lililokwama, halipandi halishuki, na aliishi nalo hivyo hivyo kazini na nyumbani. Akajiambia jambo moja na akaliamini: nikimfufua Ajuza nitampata kaka yangu, japo kidogo. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Hayo mengine ya kutu na injini yalikuwa kisingizio.

Akaenda kwa shemeji yake, mjane wa marehemu, mwanamke wa maneno machache. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshaanza kupita getini kwake wakilichungulia turubai.

"Chukua tu, shemeji," alimwambia. "Ni mali ya ndugu yako."

"Nikichukua bure kwa mjane watu watanitafuna mzima mzima. Nitanunua."

Wakapatana bila kuvutana. Shemeji akaingia ndani, akatoka na ufunguo, lakini hakuuachia mara moja.

"Nina ombi," alisema. "Likipona, uje unizungushe mara moja. Nikae pale pangu. Sina lingine."

"Mara moja ya nini? Nitakuzungusha mpaka uombe kushuka. Litakuwa jipya, shemeji. Hutalijua."

Shemeji akafungua mdomo kama mtu mwenye neno, kisha akalimeza. Akampa ufunguo.

Ajuza alivutwa kwa kamba mpaka nyumbani kwa Fundi Saa. Mke alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akalitazama gari likiingizwa uani huku likidondosha mabonge ya kutu.

"Nimeletewa mke mwenza," alisema. "Tena kikongwe kunishinda."

"Huyu hali chakula, mke wangu."

"Hali chakula? Subiri uanze kumnunulia spea."

Alisema kweli, Ajuza alikula. Lakini Fundi Saa alikuwa amepata pa kwenda. Kila siku ya mapumziko alivaa ovaroli, akaingia chini ya gari, na huko alikuwa mtu mwingine. Makenika wa pale kona, waliyemwita Grisi, alimsaidia kushusha injini na giaboksi. Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe, kwa subira ile ile ya kwenye meza ya saa. Alikwangua rangi iliyobabuka, akapiga msasa mpaka bati likang'aa. Aling'oa sakafu iliyooza akaweka nyingine. Alisafisha kila nati kwa mafuta ya taa, akazipanga juu ya gazeti kwa ukubwa wake, na Grisi akamcheka kwamba analiosha gari kama mtoto mchanga.

Na kweli, kaka alikuwamo humo. Chini ya kiti alikutana na glavu yake ya kazi, kidole gumba kimeungua. Kwenye chesisi aliona pale alipopaunga zamani, mshono umelala sawasawa kama ulioshonwa na cherehani, akaujua mkono wa nani. Alizungumza naye, tena kwa sauti. "Hapa ulikuwa na haraka, kaka." "Hapa umenishinda, nakubali." Mkewe alisikia akiwa jikoni na akaendelea na mapishi. Mtu anayeongea na marehemu huachwa amalize.

Halafu akafika kwenye mlango.

Mlango huo wa upande wa abiria ulijulikana mji mzima. Kwa nje ulifunguka kama kawaida. Kwa ndani, hata uvute kishikio mpaka mkono ukauke, haufunguki. Maisha yao yote ya ndoa, kaka mtu akisimamisha gari alishuka kwake, akazunguka mbele ya boneti, akamfungulia mkewe, ndipo mama wa watu anashuka. Watu walimcheka hadi wakachoka. Fundi wa vyuma mzima, anatengeneza mageti ya matajiri, mlango wa gari lake unamshinda! Naye alicheka nao, akawajibu, "Kinyozi hajinyoi." Fundi Saa mwenyewe aliuonea aibu mlango ule miaka mingi. Mara ngapi alimwambia, "Kaka, nipe siku moja tu niutengeneze," na kaka akabadilisha mazungumzo.

Sasa siku ilikuwa yake. Akabandua ubao wa ndani wa mlango, akamulika kwa tochi. Kuna ufito mwembamba wa chuma unaotoka kwenye kishikio kwenda kwenye kitasa. Ukivuta kishikio, ufito unavuta kitasa, mlango unafunguka. Huo ufito ulikuwa umekatwa. Haukukatika, ulikatwa, na ncha yake ikasagwa kwa tupa mpaka ikawa laini, kisha ikafungwa kitambaa cha maua maua ili isigonge bati gari likienda.

Mtu anayelipua kazi hafungi kitambaa. Fundi Saa aliyajua hayo, maana kazi yake yote ni kutazama vitu vidogo na kujua aliyevishika kabla yake. Jicho liliona. Lakini moyo ulikuwa na haraka ya kutengeneza, haukuuliza. Alicheka kidogo, akasema, "Kaka, na wewe kwa kulipua," akautoa ule ufito akautupa kwenye kopo la mabaki. Kitambaa kilikuwa kimeloa mafuta, akakitia kwenye moto pamoja na matambara mengine. Akaweka ufito mpya. Akafunga na kufungua, akafunga na kufungua, mpaka kitasa kikawa kinalia taratibu kama saa nzuri. Siku hiyo alikwenda kula akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu msiba.

Gari likaisha. Likapakwa rangi yake ile ile ya kijani, viti vikavishwa ngozi mpya, injini ikawaka kwa mara ya kwanza na mtaa wote ukatoka nje kutazama. Grisi alilizunguka akipiga mluzi. Mke mtu mwenyewe alikubali: "Mke mwenza kapendeza."

Siku ya ahadi, Fundi Saa alikwenda kwa shemeji yake. Shemeji alitoka amevaa vizuri, kajitanda mtandio, na alipoliona gari alisimama. Alilizunguka polepole akilipapasa. Kisha akasimama kando ya mlango wake, akangoja. Fundi Saa akamfungulia, kama ambavyo ungemfungulia mkubwa yeyote, naye akapanda akakaa pale pake.

Waliuacha mji, wakashika njia ya mawe inayopanda kilimani, ile aliyoipenda marehemu, na Ajuza akapanda bila kukohoa. Fundi Saa alimwibia shemeji yake jicho mara mbili tatu akaona anatabasamu. Kifuani lile tonge likasogea kidogo. Alifikiri, leo leo.

Kileleni alizima injini. Akashuka, akanyoosha mgongo, akaenda mbele kutazama mji ulivyolala chini. Alipogeuka, shemeji alikuwa bado ndani. Amekaa wima, mikono mapajani, anatazama mbele. Akadhani anamkumbuka mumewe, akampa nafasi. Akangoja. Shemeji naye akangoja. Mwishowe akamwita, tena kwa majivuno ya fundi aliyebakisha zawadi yake ya mwisho:

"Shemeji, shuka upate upepo. Mlango unafunguka kwa ndani siku hizi. Nimeutengeneza."

Shemeji aligeuza uso akakitazama kishikio. Akakivuta kwa vidole viwili. Kitasa kikalia, na mlango ukafunguka wenyewe, mwepesi, mpaka mwisho. Hakushuka. Alibaki anaitazama ile nafasi ulipokuwa mlango, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Fundi Saa akamkimbilia. "Shemeji, nini? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Kazi yako nzuri." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Ulikuwa mzima mlango huu, shemeji. Uliharibika mara moja tu, mwaka tulipooana, akawa anazunguka kunifungulia. Nikamwambia siku moja, mimi maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kunifungulia mlango. Nilisema tu, kama utani. Akautengeneza, lakini hakuacha kuzunguka. Wenzake wakaanza kumsema, kwamba kakaliwa na mke, kageuzwa dereva. Basi akaja nyumbani na tupa yake akaukata ule ufito. Akasema, sasa wakiniuliza nina jibu. Mimi ndiye niliyempa kipande cha gauni langu cha kufungia, usigonge."

Fundi Saa aliitazama mikono yake.

"Tuligombana sana sisi, usituone hivi," shemeji aliendelea. "Siku nyingine tunakwenda mpaka tunarudi hatujasemezana. Lakini tukifika lazima azunguke, na mimi lazima ningoje. Akifungua tunatazamana, na hapo ugomvi umekwisha. Hata siku ile ya mwisho alipoliendesha, ameshakuwa mgonjwa, nilimwambia niache nipitie upande wako. Akakataa. Alizunguka ameshikilia boneti kama mtoto anayejifunza kutembea, akanifungulia." Akautengeneza mtandio. "Nilitaka kukaa nimngoje mara moja tu. Nilijua haji. Nilitaka tu kungoja."

Upepo ulikuwa unavuma na mlango ukawa unacheza. Fundi Saa akaushika usigonge.

"Mbona hukuniambia, shemeji? Siku ile ya ufunguo?"

"Ningekuambiaje? Yalikuwa ya watu wawili." Kisha akauliza, kwa upole ambao ulimuumiza kuliko kama angemtukana, "Na kile kitambaa? Umekiweka?"

Fundi Saa akainamisha kichwa. Shemeji akaelewa. "Basi, si kitu. Kilikuwa kimechakaa. Turudi."

Walirudi. Mbele ya geti lake Fundi Saa alisimamisha gari, akaruka chini, akazunguka mbio. Alipofika upande wa pili alimkuta shemeji ameshaweka mguu mmoja chini.

"Usihangaike, shemeji," alisema. "Si unafunguka."

Akamshukuru tena, akaingia ndani.

Fundi Saa alimfikisha Ajuza uani kwake, na kabla hajavua viatu vya safari alikuwa ameshabandua ubao wa mlango. Akamwaga kopo la mabaki chini, akapekua mpaka akauona ule ufito uliokatwa, ncha yake laini bado. Akautoa mpya akaurudisha wa zamani. Kitambaa cha maua hakikuwapo duniani tena. Akatoa mfukoni kitambaa chake cha kufutia vioo vya saa, akaizungushia ile ncha, akafunga fundo. Lakini alijua anachokifanya ni sawa na kumvisha marehemu viatu. Fundo lilikuwa la mtu mwingine, si la kaka.

Akarudisha ubao. Kisha akapanda upande ule wa abiria, akavuta mlango ukajifunga. Akajaribu kishikio. Kikaenda bure, hakikushika kitu. Upande wa pili mlango wa dereva ulikuwa wazi kabisa, angeweza kutokea huko, lakini hakuutazama. Akaweka mikono mapajani akatazama mbele, kwenye boneti aliyoing'arisha mwenyewe, mahali ambapo mtu angepita kama angekuwa anazunguka.

Hapo ndipo lile tonge lilipong'oka. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu utotoni, siku zile kaka yake alipokuwa akimbeba mgongoni kumrudisha nyumbani.

Mkewe alisikia, akatoka jikoni akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alimwona kupitia kioo, akaja mpaka kwenye mlango.

"Baba watoto," alisema taratibu, "unafanya nini humo? Shuka."

"Haufunguki kwa ndani."

"Nikufungulie?"

Alitikisa kichwa. "Ngoja kidogo," alisema. "Kaka anazunguka."

Mkewe alikuwa ameshashika kishikio cha nje. Akakiachia, akasimama pale pale kando ya gari pamoja naye.