Bia Iliyopanda Darini

Haya alinihadithia mdogo wangu, fundi cherehani, Jumapili iliyopita tukichambua mchele. Alikuwa amepika bia yake ya kwanza, na wapika bia wa mtaani wakaja mchana kuionja, waamue kama watampokea kwenye chama chao.

Mwenyekiti, mzee mwenye kipara, akafungua chupa. Pwaa! Povu likaruka hadi darini, likammwagikia kiparani.

"Shemeji, sukari ya kuleta povu umetia kiasi gani?" akauliza.

"Kijiko kimoja kila chupa, kama mlivyonifundisha."

Mume wa fundi, aliyekaa pembeni, akakohoa. "Na mimi nilitia kimoja kimoja. Nilidhani umesahau, mke wangu."

Fundi akatamani ardhi immeze. Mwenyekiti akajifuta uso, akalamba vidole, akalamba tena.

"Umeniogesha, shemeji, lakini bia tamu hii! Leteni sufuria tukinge bia ya chupa zilizobaki."

Wakakinga, wakanywa, wakacheka mpaka mbavu zikawauma, wakampokea. Walipoondoka, jua bado kali, fundi akamgeukia mumewe amkaripie. Kumbe anakoroma kitini. Akacheka peke yake, akajinyoosha mkekani, naye usingizi ukamchukua.