Nani Atashika Mtutu

Agripina alisema hapana, tena alisema kaburini, jeneza la baba mkwe wake likiwa limeshateremshwa, na ukoo mzima ukamsikia. Mwanamke wa Kinyiramba, kaolewa Mgori juzijuzi tu, leo anawafundisha wenye msiba namna ya kuzika! Ndivyo walivyonong'ona. Na wanong'one mpaka midomo iwakauke, yeye hakuwa na habari nao.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa moja: mzee wa ukoo akifa, mwanawe wa kwanza hupiga bunduki ya ukoo mara moja kabla udongo haujarudishwa. Asiyepiga hahesabiwi mrithi. Sasa aliyekufa ni mzee Elisha, na zamu ilikuwa ya Anselm, mume wa Agripina.

Bunduki yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mitutu miwili, imejaa michoro ya mawimbimawimbi kama ngozi ya chatu. Ukoo uliamini michoro ile ni kinga, kwamba bunduki haiwezi kumgeuka mtoto wa nyumba. Kinga gani! Agripina alilelewa Misigiri na baba aliyekuwa fundi wa bunduki, akajua kabla hajajua kusonga ugali kwamba yale ni maungio. Mafundi wa zamani walisokota vipande vyembamba vya chuma, wakavigonga motoni mpaka vikashikana vikawa mtutu. Kutu ikiingia ndani ya maungio, kwa nje huoni kitu. Mzee Elisha alilijua hilo, ndiyo maana risasi zake alizijaza mwenyewe kwa mkono, baruti nyeusi kidogo tu, isiyo na hasira. Baruti ile ilikuwa imekwisha. Risasi alizoleta Calist, mdogo wa marehemu, zilikuwa mpya za dukani, na nguvu yake mtutu ule haukutengenezwa kuibeba.

Yote hayo Agripina aliyaeleza taratibu, kwa adabu. Calist akamjibu kwamba bunduki imepigwa miaka na miaka na haijamdhuru mtu, na mwenye kuogopa akakae jikoni na wenzake. Anselm alikuwa ameshaipokea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshakaa chini ya mtutu, palepale ambapo ukipasuka ungeondoka na vidole. Agripina alipouona, woga wote ulimtoka, ikabaki hasira. Aache mkono ule uende hivihivi? Thubutu.

Akapita katikati ya wanaume, akapiga goti mbele ya Calist kama mkwe anavyopaswa.

"Baba, mila inasema mtoto mkubwa ndiye avute. Haijasema nani ashike mtutu. Shika wewe, mume wangu avute."

Calist aliitazama bunduki, akaitazama mikono yake. Akaanza habari za bega linalomsumbua tangu masika. Mtu akacheka huko nyuma, msibani hapohapo, na mwingine akafuata. Calist akarudi hatua mbili, akafoka kwamba basi, waache, lakini asiyepiga bunduki si mrithi, na jina la Elisha limekatika leo.

Anselm akasogea ukingoni mwa kaburi. Aliifungua bunduki, akatoa risasi zote mbili, akazitia kwenye mfuko wa koti la baba yake mdogo. Kisha akachukua sepetu.

"Baba atazikwa na mwanawe mwenye mikono yote miwili," alisema, akaanza kumwaga udongo.